Daftari la mama wa samaki

Juu ya meza yangu ya kazi, kati ya mizani ya gesi na kopo la skrubu, kuna daftari la shule ambalo jalada lake limekunjamana kwa maji ya chumvi. Ukilifungua linanuka vibua hadi leo. Si langu. Aliniachia mwenyewe lilipojaa, akanunua jingine.

Mimi ni fundi friji wa Ngamiani, Tanga. Natengeneza friji za majumbani, friza za wauza juisi na barafu, na zaidi ya zote friza za wauza samaki wa soko la Deep Sea. Mwaka 2017 nilikuwa na wateja 11 pale sokoni. Ilipofika mwezi wa saba nimebaki na watatu, na aliyenimalizia hao wanane ni mama mmoja tu. Hana cheo, hana redio. Ana meza ya samaki, friza moja, na mdomo.

Kila alfajiri watu wakisubiri mashua ziingie, yeye ananisema. Hanitukani, angenitukana ningepata cha kujitetea. Anasimulia tu: nilimpelekea friza tarehe fulani, akanichukulia kiasi fulani, imekaa siku kadhaa, imekufa tena, kilo kadhaa zimeoza. Halafu anamalizia: "Ukimpa yule kazi, mnunulie na chumvi kabisa, utaihitaji." Watu wanacheka. Na mtu aliyecheka leo, kesho friza yake haniletei.

Nilifanya wanachofanya watu wengi wenye biashara. Nilisema mama yule ana gubu. Nilisema ametumwa na fundi mwenzangu wa barabara ya pili. Nikaanza kuzunguka ili nisipite mbele ya meza yake. Friza yake nayo ilikuwa kama ule msemo wetu wa Tanga, waja leo waondoka leo, ila yenyewe ikiondoka leo, keshokutwa imerudi.

Ningependa kusema kwamba siku moja nilijitafakari nikaenda kumwomba ushauri. Sikwenda kwa ushauri. Nilikwenda kumdai elfu 40 alizokuwa amezizuia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umefuata nini?"

"Ile elfu 40, mama. Kodi ya kibanda imefika."

"Kaa hapo."

Nikakaa juu ya ndoo. Akafuta mikono kwenye kanga, akatoa daftari kwenye mfuko wa plastiki, akanipa bila kusema neno, akaendelea kuparua samaki.

Nimelisoma mara nyingi tangu siku ile, naweza kuwaandikia kwa kichwa. "Jumanne. Saa 6 na nusu mchana imesema tak, ikanyamaza. Saa 7 kasoro dakika 10 imeunguruma tena. Friza ya jirani haikuzima." "Jumatano. Tak mara 4 tangu asubuhi. Ukiigusa nyuma chini ni moto, huweki mkono." "Alhamisi usiku haisemi tak. Mchana ndiyo inasema." Na pembeni, kwa kalamu nyekundu, majibu yangu kila nilipokwenda: "Fundi anasema umeme mdogo." "Fundi anasema mpira wa mlango." "Fundi anasema nisijaze samaki." "Fundi anasema umeme mdogo."

Niliposoma mara ya pili ile "umeme mdogo", na juu yake imeandikwa friza ya jirani haikuzima, uso uliniwaka. Friza mbili, waya mmoja, soketi moja. Kama ni umeme, ungechagua vipi?

Kwa wasio mafundi: ile tak ni ovalodi, kidude kidogo kilichobanwa ubavuni mwa kompresa, ile mota inayosukuma gesi ya friji. Mota ikivuta umeme kupita kiasi na kupata moto, ovalodi inakata. Ikipoa, inaunganisha tena. Mama yule, bila kujua hata jina la kidude chenyewe, alikuwa amepima kila baada ya muda gani kompresa inaelemewa, saa ngapi za siku, na kwa muda gani inapumzika. Mimi kwenye kibanda nilikuwa naiwasha kwa nusu saa jioni kukiwa na upepo, naona barafu inashika, namwambia achukue.

Nikaenda nyuma ya friza yake na tochi, nikafuta uchafu kwenye kibandiko cha kompresa. Gesi yake ni R600a. Na mimi mara zote tatu nilijaza gesi nyingine, R134a, kwa sababu ndiyo mtungi niliokuwa nao, na ndiyo gesi niliyokuwa najaza kila kitu. Kompresa ya R600a inafanya kazi kwa presha ndogo; ukiipa R134a ni sawa na kumbebesha mtoto gunia la mkaa. Atatembea hatua kadhaa, atakaa chini, atainuka, mwisho hainuki. Hata oili iliyomo ndani haielewani na gesi ile. Kwa hiyo friza sikuitengeneza mara tatu. Niliiua mara tatu, na kila mara nikachukua hela.

Zile elfu 40 sikuzitaja tena.

Nimeandika haya kwa sababu mwezi uliopita rafiki yangu mwenye kampuni ya mabasi madogo alinilalamikia abiria mmoja anayemwandama kila siku. Alitaka kujua kama wakili anaweza kumnyamazisha. Nikamuuliza, je, huyo abiria anaandika saa na namba za magari? Akasema ndiyo, na hilo ndilo linalomkera zaidi. Nikamwambia basi una mkaguzi usiyemlipa, na wewe unatafuta wakili wa kumfukuza.

Gesi yenyewe iliyoniumbua, R600a, ina historia inayofanana na yangu, na nimeipenda tangu nilipoisikia kwenye semina ya siku tatu ya mafundi. Jina lake la kawaida ni isobutani. Ni ndugu wa gesi ya kiberiti cha sigara. Leo ukigeuza friji mpya nyingi za majumbani, hapa au China au Ulaya, utaikuta imeandikwa nyuma. Na walioirudisha kwenye friji hawakuwa watengenezaji wa friji. Walikuwa Greenpeace, shirika la kutetea mazingira, watu ambao kazi yao ilikuwa kuwasumbua watengenezaji.

Zamani friji zilijazwa gesi ya R12. Mwaka 1974 wanasayansi wawili, Molina na Rowland, walieleza kwamba gesi za jamii ile zinapanda juu na kula ozoni, tabaka linalotukinga na miale mikali ya jua. Mwaka 1987 mataifa yakasaini Mkataba wa Montreal wa kuziondoa. Viwanda vikakubali kwa shingo upande, vikasema sawa, tutahamia R134a. Greenpeace wakasema hapana, hiyo haili ozoni lakini inapasha dunia joto zaidi ya mara 1,300 kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito uleule. Viwanda vikajibu jibu ambalo kila fundi mvivu analijua: hakuna njia nyingine.

Hapo mkosoaji wa kawaida angeendelea kupiga kelele. Hawa walikwenda kutafuta njia. Kulikuwa na madaktari wawili Dortmund, Ujerumani, Rosin na Preisendanz, waliokuwa wamejaribu kupoza friji kwa mchanganyiko wa propani na butani. Ikabaki kupata kiwanda. Wakubwa wakakataa. Aliyekubali ni DKK Scharfenstein, kiwanda cha iliyokuwa Ujerumani Mashariki, ambacho baada ya nchi kuungana kilikuwa mikononi mwa Treuhand, wakala wa kuuza mashirika ya umma, na kilikuwa kinaelekea kufungwa. Greenpeace wakaagiza friji 10 za majaribio. Mwaka 1992, wakati kiwanda kinatangaziwa kifo, wanaharakati na wafanyakazi walisimama pamoja mbele ya waandishi wa habari wakionyesha friji yao, kisha Greenpeace wakawaomba watu waagize kabla hata haijaingia dukani. Yakaja maagizo yapatayo 70,000.

Wakubwa walifanyaje? Waliwaonya wenye maduka kwamba friji ile ni bomu. Nacheka, kwa sababu na mimi nilisema hivyohivyo nilipoanza kuiona hii gesi: inawaka, itatulipua. Inawaka kweli, sikatai, ndiyo maana siku hizi naichaji madirisha yakiwa wazi na sichomelei bomba lenye gesi ndani. Lakini friji ya nyumbani hairuhusiwi kuzidi gramu 150, na nyingi zina nusu ya hizo au pungufu. Mtu huyohuyo anayeogopa gramu 60 za friji amelala na mtungi wa kilo 15 jikoni.

Machi 1993 friji ya kwanza ya kuuzwa ikatoka kiwandani. Wale waliosema ni bomu nao wakaanza kutengeneza za kwao mwaka huohuo. Greenpeace hawakuifungia teknolojia ile kwa hataza, aliyetaka aliichukua. Sasa hivi zimetengenezwa friji za namna hiyo mamia ya mamilioni.

Mwisho wa kile kiwanda haukuwa mtamu. Kilibadilisha jina kikaitwa Foron, na mwaka 1996 kikafilisika, kwa sababu wakubwa walipoichukua teknolojia walikuwa na mtaji na maduka ambavyo chenyewe hakikuwa navyo. Nalisema hili kwa rafiki yangu wa mabasi na kwa yeyote anayedhani ukikaa na mkosoaji wako basi pesa zitamiminika. Mkosoaji anakuonyesha panapovuja. Kodi ya fremu utalipa mwenyewe.

Kisa cha Coca-Cola ndicho nilichokiwazia zaidi, maana friza za soda natengeneza kila wiki. Kabla ya Olimpiki ya Sydney ya mwaka 2000, ambayo waandaaji waliinadi kama michezo ya kijani, Greenpeace waliiandama kampuni hiyo kwa sababu ya gesi za jamii ya R134a kwenye majokofu yake. Kabla michezo haijaanza kampuni ikatangaza kwamba itaachana nazo. Mwaka 2004 Coca-Cola, Unilever na McDonald's wakaanzisha mpango wa pamoja wa kutafuta gesi mbadala, na Greenpeace, walewale, wakaunga mkono pamoja na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP. Hapo Coca-Cola ikawekeza kwenye majokofu yanayopozwa kwa kaboni dayoksaidi, na Januari 2014 ikatangaza kufikisha jokofu la milioni 1 lisilo na gesi zile.

Sasa angalia. Mwaka 2018 muungano wa Break Free From Plastic, ambamo Greenpeace wamo, ulikusanya takataka za plastiki kwenye fukwe na mitaa ya nchi nyingi na kuhesabu zina chapa ya nani. Namba moja ilikuwa Coca-Cola. Wakaitangaza, na mwaka uliofuata wakaitangaza tena. Miaka yote ile ya kukaa meza moja kuhusu majokofu haikuwanunulia kimya kwenye chupa.

Mwenye kampuni anayesoma hapa atasema: basi faida yake nini? Mtu umemkaribisha, na bado anakusema? Mimi naona ndiyo faida yenyewe. Siku yule mama aliposimama tena kwenye mnada wa samaki na kusema "sasa anajua", watu wanane walirudi ndani ya miezi miwili. Wangerudi kama wangejua nampa hela ya soda? Ubishi wake ndio uliokuwa na thamani. Nikiununua, nimenunua mfuko mtupu.

Na nilijaribu kuununua, nisijifanye malaika. Baada ya kumwekea kompresa mpya kwa gharama yangu (laki mbili na ushee, nilikopa), nilimwambia mama, nitakutengenezea bure daima, wewe niseme vizuri tu. Akaniangalia kama samaki wa jana. "Mimi nitalipa kama wengine," akasema, "ili nikitaka kusema niseme." Hata soda hakunywa. Baadaye nilisoma kwamba mwaka 1990 McDonald's ilipokaa na EDF, shirika la mazingira la Marekani, kupunguza takataka zake, shirika lile lilijilipia gharama zake lenyewe, na kila upande ulikuwa huru kuondoka. Wajumbe wao walifanya kazi siku nzima ndani ya mgahawa kabla ya kuanza kushauri. Novemba mwaka huo kampuni ikatangaza kuachana na yale maboksi ya povu ya baga. Wamarekani hawa na mama wa Deep Sea hawajawahi kuonana, lakini soda ile wangeikataa wote.

Ile ya kushinda siku nzima kazini kwa unayemkosoa, yule mama aliifanya kabla mimi sijaisoma popote. Alikuja kibandani Jumapili moja, akakaa kwenye benchi kuanzia saa 3 hadi magharibi, daftari mapajani. Ilikuwa siku mbaya kuliko zote nilizowahi kufanya kazi. Anauliza: kwa nini unashika bomba kwa mkono kujua gesi imetosha? Kwa nini hiyo umeiwasha nusu saa tu, samaki wangu wanakaa humo nusu saa? Hiyo namba ya nyuma mbona hujaisoma? Kijana wangu wa kazi alikwenda chooni mara sita.

Jumatatu nikaenda kutafuta mizani. R600a huwezi kuichaji kwa kushika bomba kama tulivyozoea, unahesabu gramu. Ukizidisha kidogo tu imeharibika. Friza ya samaki sasa inalala kibandani usiku mmoja na mchana wake, imejazwa chupa za maji, kipimajoto ndani. Kwenye risiti naandika gesi gani na gramu ngapi, ili fundi atakayenifuata asibahatishe kama mimi. Hayo yote yalitoka kwenye lile benchi. Kuna mambo alitaka nikakataa, mfano kumrudishia mteja hela hata kama amechomeka friza na pasi kwenye ekstensheni moja. Tuligombana kwa hilo wiki nzima. Bado hatujakubaliana.

Si kila anayekusema ni wa kukaribishwa benchi. Nina mteja mwingine wa Chuda ambaye tangu 2015 ananiita mwizi, na kila nikimuuliza nini kimeharibika anasema "wewe unajua". Huyo nimemwachia Mungu. Wapo pia wanaokusema wapunguziwe bei, ukipunguza wanakuwa marafiki papo hapo, na urafiki huo hauna habari yoyote ndani yake. Nimejifunza kuuliza swali moja tu: unakumbuka ilikuwa saa ngapi? Mwenye hasira tupu hajui. Mwenye daftari atakwambia hadi dakika, na huyo ndiye unamsogezea kiti hata kama tumbo linakuuma.

Rafiki yangu wa mabasi bado hajampigia abiria wake. Anasema anaogopa atazoeleka. Nimemwambia apande naye gari siku moja, kiti cha nyuma, kutoka kituo cha kwanza hadi cha mwisho, asijitambulishe kwa kondakta. Amesema atafikiri.

Mimi juzi nimepigiwa simu saa 11 alfajiri. "Fundi, friza yako." Ikivuma ni yangu, ikipoza ni yake, ndivyo tulivyo. Anasema ile kompresa imeanza mlio mpya, si tak, ni kama mtu anayekoroma, na inakoroma mnada ukianza tu. Ameshaandika siku nne. Nadhani ni feni ya jirani inagusa ubao, lakini nadhani zangu kwake zinaandikwa kwa kalamu nyekundu, kwa hiyo nimenyamaza. Kesho naamkia Deep Sea kabla mashua hazijaingia.